Je, Wajua? Kinga ya Mwili Hulelewa Tumboni

Je, wajua kwamba seli zako nyingi zinazotengeneza kingamwili, yaani protini zinazonasa vijidudu, hazimo kwenye damu wala kwenye tezi za shingoni, bali tumboni? Zimekaa kwenye kuta za utumbo. Hapo ndipo chakula, maji na vijidudu vya kila aina hupita kutwa, na kinachovitenga na damu yako ni ukuta wenye unene wa seli moja tu. Ukuta huo mwili huujenga upya kila baada ya siku chache.

Je, wajua kwamba mtu mzima wa kilo 70 ana bakteria trilioni 38 hivi, ilhali seli zake mwenyewe ni kama trilioni 30? Hesabu hiyo ilitolewa mwaka 2016 na Ron Sender, Shai Fuchs na Ron Milo. Ile ya zamani, kwamba bakteria ni mara kumi ya seli zetu, haishiki tena. Wengi wao wanaishi kwenye utumbo mpana, na wote kwa pamoja wana uzito wa gramu 200 hivi.

Je, wajua kinachompata panya asiye na bakteria hata mmoja? Maabara hufuga panya wa namna hiyo katika vizimba vilivyofungwa kabisa, na chakula chao husafishwa mpaka kisibaki kijidudu. Mtu angedhani watakuwa na afya ya chuma. La hasha. Kinga yao hudumaa. Vile vifundo vya seli za kinga kwenye utumbo mwembamba, ambavyo Johann Conrad Peyer wa Uswisi alivieleza mwaka 1677, hubaki vidogo, na kingamwili tumboni huwa haba. Wakipewa bakteria, mambo huanza kutengemaa. Mwaka 2005 Sarkis Mazmanian, Dennis Kasper na wenzao walionyesha kwamba hata bakteria wa aina moja, Bacteroides fragilis, anaweza kurekebisha seli za kinga za panya hao kwa kutumia sukari moja tu iliyo kwenye ganda lake. Mimi kila nikiisoma habari hiyo hustaajabu upya: sehemu ya maagizo ya kukuza kinga yetu imehifadhiwa kwa viumbe ambao si sisi.

Je, wajua kwamba kingamwili iitwayo IgA hutengenezwa kwa wingi kuliko kingamwili nyingine zote zikijumlishwa? Ni gramu kadhaa kila siku, na nyingi humwagwa ndani ya utumbo. Hushikamana na bakteria na kuwazuia wasiusogelee ukuta. Wengi hawauawi, wanawekwa mbali tu.

Je, wajua kwamba maziwa ya mama yana chakula ambacho mtoto mwenyewe hawezi kukimeng'enya? Ni sukari za pekee, za aina zaidi ya 100, na kwa wingi huja za tatu baada ya laktosi na mafuta. Zinapita hadi utumbo mpana na kuwalisha bifidobakteria, ambao Henry Tissier aliwagundua Paris mwaka 1899 katika choo cha mtoto anayenyonya. Wao hutoa asidi inayowazuia wadudu wa kuharisha. Na yale maziwa ya mwanzo, mazito, ya manjano, ambayo baadhi ya bibi zetu bado huagiza yakamuliwe na kumwagwa kwa kuyaona machafu? Hayo ndiyo dang'a, na yamejaa IgA. Mama, tafadhali, usiyamwage. Mpe mtoto ndani ya saa ya kwanza.

Je, wajua bakteria wanakulipa nini ukila maharage, mtama, matembele au ndizi? Nyuzinyuzi zinazokushinda wewe, wao huzichachusha na kutoa asidi iitwayo butireti. Seli za ukuta wa utumbo mpana huitumia kama nishati yao kuu. Mwaka 2013 watafiti wa Japani na Marekani walionyesha katika panya kwamba butireti huongeza seli zile za kinga ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzao, ili mwili usijishambulie. Panya walionyimwa nyuzinyuzi, katika utafiti mwingine wa mwaka 2016, bakteria wao waligeukia ule ute unaoufunika ukuta wa utumbo, wakaula.

Je, wajua kwamba jambo hili limepimwa kwa watu, tena hapa Kilimanjaro? Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti wa Quirijn de Mast, Godfrey Temba na wenzao wa Tanzania na Uholanzi, uliowahusisha wanaume 77 wenye afya njema. Waliozoea vyakula vya asili vya mkoa huo walipewa vyakula vya Kimagharibi, vilivyosindikwa na vyenye kalori nyingi, kwa wiki mbili. Damu yao ikaonyesha dalili za mchochota kupanda, na seli zao nyeupe zikawa na mwitikio dhaifu zilipokutanishwa na vijidudu. Waliokuwa wakila vyakula vya Kimagharibi wakahamishiwa vya asili, na mchochota ukashuka. Kundi la tatu lilikunywa mbege, kinywaji cha ndizi kilichochachushwa, kwa wiki moja, na kwao pia mchochota ulipungua. Wiki nne baadaye baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana. Mbege ina kileo, kwa hiyo asije mtu akaifanya dawa. Lakini ule mlo wa ndizi, maharage na mboga za majani, ambao vijana wetu wengi mjini huuonea haya, una thamani kubwa.

Togwa je? Watafiti waliowapa watoto wadogo wa Tanzania uji wa nafaka uliochachushwa waliona bakteria wa kuharisha wakipungua katika choo chao.

Je, wajua kwamba kinyesi cha mtu mwenye afya kinaweza kuwa tiba? Dozi za antibiotiki zikishafagia bakteria wema, mwingine aitwaye Clostridioides difficile huweza kutamalaki na kumharisha mgonjwa hata kumuua. Katika jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 13 kati ya 16 walipona kwa kuingiziwa mara moja tu bakteria kutoka kinyesi cha mtu mzima wa afya. Waliopewa antibiotiki ya vankomaisini pekee walipona 4 kati ya 13. Kwa hiyo unapoingia duka la dawa na kuomba amoksilini za mafua, kumbuka kwamba mafua huletwa na virusi, ambao dawa hiyo haiwagusi. Inaowagusa ni hao wa tumboni.

Je, wajua kwamba watoto wenye utapiamlo huwa na bakteria wachanga kuliko umri wao? Timu ya Jeffrey Gordon na Tahmeed Ahmed iliwapa watoto wa mtaa duni wa Dhaka, Bangladesh, chakula kilichochaguliwa kwa kuwatazama bakteria kwanza: dengu, soya, karanga na ndizi mbichi. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha watoto hao waliongezeka uzito vizuri kuliko waliokula chakula cha kawaida cha nyongeza, ingawa chakula chao kilikuwa na kalori chache zaidi.