Nakivale: Ongezeko Lenye Sura Nyingi

Kambi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro nchini Uganda, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kupokea Watutsi waliokimbia Rwanda. Leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na Waethiopia, na wakazi wamepita laki moja. Kiswahili kimepata wasemaji huko kwa sababu Wakongo na Warundi wengi walikuja nacho.

Watu huongezeka, ardhi haiongezeki.

Uganda humpa mkimbizi kiwanja cha kujenga na kulima, na Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu kufanya kazi na kutembea nchini. Ni sera ya ukarimu, lakini kila kundi jipya likifika, viwanja hupungua ukubwa. Mgao wa chakula nao umekwenda kinyume na idadi ya walaji: Mpango wa Chakula Duniani uliushusha hadi asilimia 70 ya kiwango kamili mwaka 2020, kisha 60 mwaka 2021. Kwa mama mwenye watoto, mtoto mmoja zaidi na bei ya unga iliyopanda ni nyongeza mbili zisizofanana hata kidogo.

Mbarara, mji jirani unaojulikana kwa maziwa ya ng'ombe katika eneo la Ankole, nao umeongezeka, lakini kwa namna nyingine. Ulipandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020. Cheo kilikuja kwa siku moja. Barabara, maji na mitaro huja polepole.