Droni isimkimbize tembo, imtangulie

Ukikaa jukwaani Kinoru, pale Meru, mtazame beki hodari. Hamfuati winga nyuma nyuma. Anawahi pale winga anapokwenda. Roboti za ulinzi nazo hufunzwa hivyo hivyo, kwa hesabu aliyoianzisha Mmarekani Rufus Isaacs miaka ya 1950. Kitabu chake kilitoka 1965.

Tuseme kuna shamba la mahindi kando ya msitu wa Imenti, ambako tembo ni jirani mzito. Tembo na roboti wana mbio sawa. Unganisha waliposimama kwa mstari, kisha ukate katikati kwa mstari mwingine wa kupingana nao. Huo ndio mpaka. Popote upande wa roboti, roboti hutangulia. Shamba likiwa lote upande huo, linalindika. Roboti ielekee nukta ya mpaka iliyo karibu zaidi na shamba; tembo mwerevu naye angeelekea hapo hapo, maana akipinda kwingine anaizidishia roboti nafasi. Roboti ikiwa na mbio zaidi, mpaka hujikunja ukawa duara linalomzunguka tembo.

Kule Mara, shirika la Mara Elephant Project hutumia droni kuwarudisha tembo porini. Droni ina mbio, lakini betri haidumu, na tembo (haya, hajamsoma Isaacs) hugeuka atakavyo. Kwa maoni yangu, mkulima asiulize kwanza droni ina mbio kiasi gani. Aulize inalala wapi usiku, kwani shamba lililokwisha kuingia duara la tembo, haliwahi tena.