Omaha ya juu na chini: karata gani za kuanza nazo?

Wadogo wawili watatu wanaojua ya kama ninapenda karata waliniuliza: "Yaya, mu Omaha ya juu na chini, karata gani njo za kubaki nazo, na gani za kutupa?" Nawajibu bote hapa.

Tuanze na kanuni. Kila mutu anapata karata ine mu mukono, na tano zinawekwa katikati kwa bote. Lazima utumie mbili za mukono wako na tatu za katikati. Si zaidi, si pungufu. Falanga za meza zinakatwa mara mbili: nusu ya mwenye karata za nguvu, nusu ya mwenye karata ndogo. Upande wa chini unataka karata tano zisizofanana, hata moja isipite 8. A inahesabiwa kama moja, na inafaa pande zote mbili. Kama katikati hazikutoka tatu tofauti za 8 kushuka, hakuna chini: wa juu anabeba zote.

Wengi wanaoanza wanafikiri kupata nusu ni kushinda. Tuhesabu. Muko batatu, kila mutu ametia falanga 10.000. Meza iko na 30.000. Wewe na mwenzako muko na A-2, chini ni yenu, lakini wa tatu ameshika juu. Ile nusu ya 15.000 munaigawa: 7.500 kila mutu. Uliingia na 10.000, unatoka na 7.500. Umeshinda, na umepoteza 2.500! Njo maana ninasema: anza paka na karata zinazoweza kubeba pande zote mbili.

Mukono mzuri kupita yote ni A-A-2-3, kila A ikiwa na ndogo ya alama yake. Kisha A-2-3 na karata nyingine yoyote. Kisha A-2, kama A iko na mwenzake wa alama moja.

Kwa nini 3 ina bei? Tuseme uko na A-2, katikati kuko 4-5-7. Chini ni yako. Halafu inatoka 2. Ile 2 yako imekuwa bule, na mwenye A-3 anakupita, juu ana A-2-3-4-5. Kama ulikuwa na A-2-3, ungebaki palepale.

Za kutupa: 7-8-9-10, juu chini yake ni hafifu, na juu yake mara mingi inagawanywa. Karata tatu za namba moja, juu utatumia paka mbili. Mfalme wawili na ndogo zisizoungana. Karata ine kubwa zinazofuatana unaweza kucheza, lakini zikitoka ndogo tatu katikati, toka.

Karata ine zinatoa jozi sita, kwa hiyo kila mukono unaonekana mzuri. Usidanganyike, kutupa mingi njo kucheza vizuri.

Na neno la mwisho, iwe unacheza Golf ao Kampemba: weka pembeni falanga ya kucheza mbele ya kutoka nyumbani. Ikiisha, simama. Ile ya masomo ya batoto haikalake ku meza.