Daftari la Ngitili: Mwalimu Awapo Mchunguzi wa Viumbe

Katika makala haya tunakusudia kueleza kazi ya mchunguzi wa viumbe wa kujitolea, na jinsi mwalimu wa shule ya msingi awezavyo kuifanya na kuifundisha. Mchunguzi huyu hahitaji cheo wala mshahara. Ni mkazi wa mahali aangaliaye mimea na wanyama wa hapo kwa utaratibu, aandikaye alichokiona pamoja na tarehe, na awapaye wenzake kumbukumbu hizo wazitumie. Atlasi ya Ndege wa Tanzania, kwa mfano, imejengwa kwa taarifa za watu wengi waliojitolea. Mifano yetu tutaichukua Shinyanga na Geita, mahali ambapo wengi wenu mtapangiwa kufundisha.

Funzo la Shinyanga

Tangu zamani Wasukuma hutenga ngitili, yaani eneo la malisho lifungwalo mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi, nyasi zinapokwisha kwingineko. Lakini misitu ya Shinyanga ilifyekwa sana: kwanza kwa ajili ya kuwaangamiza mbung'o, kisha kwa mashamba ya pamba, kuni na malisho ya mifugo mingi. Watu walipohamishiwa katika vijiji vipya miaka ya 1970, ngitili nyingi ziliachwa nyuma zikakosa mwangalizi. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao HASHI. Wakati huo ngitili zilizojulikana zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu hivi. Mradi ulipokwisha mwaka 2004, zilikuwa zimevuka hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800.

Je, miti hiyo yote ilitoka wapi? Mingine ilipandwa, lakini sehemu kubwa ilichipua yenyewe. Mizizi na visiki vilikuwa hai ardhini. Vilichohitaji ni kupumzishwa. Na mapumziko hayo yalilindwa na wananchi wenyewe kwa sheria ndogo za vijiji, kwa mikutano ya jadi ya dagashida, na kwa ulinzi wa sungusungu. Elimu ya ngitili haikuletwa kutoka nje. Wazee walikuwa nayo. Mwalimu aingiaye kijijini akidhani kwamba anakwenda kuwafumbua macho wajinga amekwisha kosea kabla ya kuanza somo.

Namna ya kufanya kazi

Kwanza, ombeni ruhusa ya serikali ya kijiji na ya mwenye ngitili, kwani ngitili nyingine ni za kaya, nyingine za kijiji au za shule. Mwombeni mzee mmoja afuatane nanyi.

Pili, chagueni njia moja fupi, mathalani hatua 200, na mwipitie kila mwezi saa ile ile. Kumbukumbu za mara moja hazilinganishwi na kitu.

Tatu, kila safari andikeni tarehe, saa, hali ya hewa, kilichoonekana, idadi yake na jina la aliyekiona. Jina la mti liandikwe kwanza kwa Kisukuma kama watoto walijuavyo, kisha kwa Kiswahili. Watoto wachungao ng'ombe huijua miti mingi kuliko sisi walimu, na ni vema waone ujuzi wao ukiheshimiwa ubaoni.

Nne, msiandike "hakuna" pale ambapo ukweli ni "hatukuona". Maneno hayo mawili yana tofauti kubwa, na mtoto aliyeijua tofauti hiyo ameanza kuwa mwanasayansi.

Daftari linasema nini?

Chukueni mfano wa hondohondo. Jike huingia katika tundu la mti, akaziba mlango na kuacha ufa mwembamba, naye dume humletea chakula. Basi hondohondo huhitaji mti mkubwa wenye tundu. Darasa likiwaona hondohondo wakizaliana, limepata habari ya umri wa msitu pia. Shule yaweza kuotesha miche 1,000 kwa mwaka mmoja, lakini haiwezi kuotesha tundu hata moja la mti mzee. Hapo wanafunzi wataelewa wenyewe kwa nini mti mkongwe haufidiwi kwa mche.

Kwa upande wa Geita, hesabuni visiki. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huhitaji magogo ya kuzuia kuta za mashimo yasibomoke, na watu wengi machimboni huhitaji mkaa. Gawanyeni visiki katika mafungu mawili: vyenye machipukizi na vilivyokufa. Penye visiki hai vingi, huenda kufunga eneo kukatosha, kama ilivyokuwa Shinyanga. Penye visiki vilivyokufa, itabidi kupanda. Hesabu hiyo ya watoto inaweza kuisaidia kamati ya mazingira ya kijiji kuamua. Lakini mwalimu asiwapeleke wanafunzi kamwe kwenye mashimo yaliyoachwa, wala mahali panapooshewa dhahabu kwa zebaki, kwani sumu hiyo huharibu ubongo, na watoto ndio waumiao zaidi.

Tahadhari moja

Visiki vina wenyewe. Huenda mti uliokatwa jana umekatwa na baba wa mwanafunzi aliyeshika daftari, na mkaa wake ndio ulionunua sare aliyovaa. Kwa hiyo daftari liandike mti, lisiandike mkataji. Mwalimu akiligeuza daftari kuwa orodha ya watuhumiwa, atamfanya mtoto kuwa mpelelezi wa wazazi wake. Watoto watanyamaza, wazee watajitenga, na kazi yote itakufa. Kulinda ni kazi ya kijiji na sheria zake. Kazi yetu ni kuona sawasawa na kusema kweli.

Mwisho, mwalimu huhamishwa, bali ngitili hubaki. Daftari lisiondoke katika sanduku lenu. Liacheni shuleni, na nakala yake katika ofisi ya kijiji, ili mwalimu ajaye aanzie pale mlipoishia, na mtoto ahesabuye hondohondo leo aweze siku moja kulifungua mbele ya watoto wake.