Klabu ni ya Nani? Taswira na Mshikamano wa Timu katika Ukanda wa Dhahabu

Taswira ya klabu ya michezo, yaani jumla ya mambo yanayowajia watu akilini pindi jina lake linapotajwa, kwa kawaida huchukuliwa kuwa zao la matokeo ya uwanjani, na ndiyo maana viongozi wengi hudhani kwamba mdhamini mwenye fedha na mshambuliaji hodari wanatosha kuisafisha. Historia ya karibuni ya klabu za Shinyanga na Geita, ambako soka limefungamana na migodi kwa namna ya pekee, inaonyesha kuwa swali la umiliki hutangulia yote hayo.

Mfano ulio wazi zaidi ni Stand United, ambayo jina lake linatokana na stendi ya mabasi ya Shinyanga na ambayo mashabiki wake huiita Chama la Wana. Ilipoingia Ligi Kuu msimu wa 2014/15, ilikuwa tayari na kitu ambacho klabu nyingi za mikoani hukitafuta bila kukipata, nacho ni umma unaoamini kwamba timu ni yao kwa sababu imetoka miongoni mwao. Mwaka 2015 kampuni ya Acacia, iliyokuwa ikichimba dhahabu Bulyanhulu na Buzwagi, ikaidhamini, na kocha Mfaransa, Patrick Liewig, akaajiriwa. Fedha zilipoingia, swali lililokuwa limelala likaamka: upande mmoja ulitaka klabu ibaki mikononi mwa wanachama, upande wa pili ukasimama na kampuni iliyobeba jina la Stand United, na kabla mwaka 2016 haujaisha mdhamini alikuwa amejiondoa. Stand ilishuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2018/19, na ingawa si haki kuubebesha mgogoro ule lawama yote, ni vigumu kuamini kwamba haukuchangia.

Hapa elimu ya saikolojia ya michezo ina la kusema. Mtaalamu wa Kanada, Albert Carron, alitofautisha mshikamano wa kazi, ambao ni kiwango cha wanatimu kukubaliana juu ya lengo na kushirikiana kulifikia, na mshikamano wa kijamii, ambao ni kule kupendana na kufurahia kuwa pamoja. Sherehe, safari na jezi mpya, ambazo viongozi huzipenda kwa kuwa zinapigika picha, hulisha zaidi huo wa pili. Wachezaji wanaweza kucheka pamoja kambini na bado kila mmoja akacheza kwa ajili ya mkataba wake ujao, hasa pale ambapo hawajui ni uongozi upi wenye mamlaka ya kuwalipa.

Doa la Geita lilikuwa la aina nyingine. Katika mzunguko wa mwisho wa Ligi Daraja la Kwanza msimu wa 2015/16, Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa mabao 8-0 huku Polisi Tabora, iliyokuwa ikiwania nayo nafasi moja ya kupanda, ikiifunga JKT Oljoro 7-0, na Shirikisho la Soka Tanzania (TFF), baada ya kubaini upangaji wa matokeo, ikazishusha timu zote nne na kuipandisha Mbao ya Mwanza. Geita Gold, iliyo chini ya halmashauri na inayodhaminiwa na mgodi wa dhahabu wa GGML, ilijijenga upya hadi ikapanda Ligi Kuu mwaka 2021, na katika msimu wake wa kwanza chini ya kocha Fred Felix Minziro ikashika nafasi ya nne, George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, na tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikapatikana. Mwaka 2024 ilishuka tena. Umiliki wake haukuwa na utata, lakini timu ya halmashauri katika mji uliojaa watu waliofuata dhahabu, ambao wengi wao mioyo yao iko Simba au Yanga, haipati mashabiki kwa agizo la ofisi.

Mwadui, timu ya mgodi wa almasi wilayani Kishapu, inaonyesha hatari ya kuegemea nguzo moja: mgodi ulisimamisha uzalishaji mwaka 2020, na msimu wa 2020/21 timu ikaaga Ligi Kuu.

Hata hivyo, Usukumani, ambako klabu hizi zimezaliwa, hakukosi mfano wa mashabiki wanaojitambua. Vyama vya ngoma vya Wasukuma, Bagika na Bagalu, vimeshindana kwa vizazi, na aghalabu mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi, kwa hiyo kumshirikisha mtazamaji ni sehemu ya mchezo wenyewe. Klabu inayotaka heshima ya namna hiyo itahitaji wanachama wanaolipa ada, mkutano mkuu unaosomewa mapato na matumizi, katiba iliyosajiliwa kwa Msajili wa vyama vya michezo, na mkataba wa udhamini unaotaja bayana nani anatia saini, fedha zinaingia akaunti ipi, na mishahara italipwaje iwapo mdhamini ataondoka katikati ya msimu.