Kuupima Upepo wa Baharini

Wewe uliyeshika karatasi hii darasani, soma polepole, na penye hesabu chukua kalamu.

Nahodha wa jahazi hakujifunza upepo kitabuni. Anajua majira ya kaskazi na majira ya kusi, na kwa maarifa hayo majahazi yamekwenda Arabuni na kurudi kwa karne nyingi. Lakini ukimwuliza, “Leo upepo unakwenda mita ngapi kwa sekunde moja?” hatakujibu, wala hana haja. Mwenye haja ni yule anayetaka kujenga vinu vya upepo baharini ili vitoe umeme. Kwa nini?

Sababu ni hii. Mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nane. Mafundi huandika mwendo huo mara tatu, kisha huzidisha. Tufanye hesabu. Watu wanadhani upepo wa mahali fulani unakwenda mita 8 kwa sekunde: 8 × 8 × 8 ni 512. Kumbe kwa kweli ni mita 7: 7 × 7 × 7 ni 343. Umeona? Wamekosea mita moja tu, na theluthi nzima ya nguvu haipo! Lakini fedha za kujengea zilikopwa, na deni halipungui kwa sababu upepo umepungua. Mwisho wake, huenda mzigo ukamwangukia mnunuzi wa umeme.

Basi, upepo hupimwaje? Chombo cha zamani ni cha vikombe. Mwaka 1846 mtaalamu wa Ireland, John Thomas Romney Robinson, alieleza chombo chenye vikombe vinne. Siku hizi vingi vina vitatu. Upepo husukuma vikombe, navyo huzunguka. Mizunguko ikihesabiwa, mwendo hujulikana. Kando yake huwekwa kishale kinachoonyesha upepo unatoka upande gani.

Baharini chombo hicho kitafungwa wapi? Mwaka 2003 Wajerumani walisimamisha mnara uitwao FINO1 katika Bahari ya Kaskazini, kilomita 45 hivi kutoka kisiwa cha Borkum, penye kina cha mita 30 hivi. Vyombo vilifungwa ngazi kwa ngazi hadi mita 100 hivi juu ya maji, maana upepo wa juu si sawa na wa chini. Na bahari haina mzaha. Tarehe 1 Novemba 2006 tufani ilipiga, na mawimbi yakaharibu sehemu za jukwaa la mnara. Hilo nalo lilikuwa funzo kwa wajenzi. Karibu na hapo vilijengwa vinu 12 vya alpha ventus, vilivyofunguliwa mwaka 2010.

Mnara wa namna hiyo ni wa gharama kubwa. Kwa hiyo siku hizi hutumika pia boya lenye chombo kiitwacho laida. Chombo hiki hurusha miali ya mwanga juu. Mwanga hupiga chembe ndogo sana zinazochukuliwa na upepo, ukarudi umebadilika kidogo, na kwa badiliko hilo mwendo hujulikana. Lakini boya huyumba. Kwa hiyo hujaribiwa kwanza kando ya chombo kinachoaminika, kuona kama majibu yanalingana.

Hupimwa kwa muda gani? Afadhali mwaka mzima au zaidi, ili majira yote yapite. Ukipima mwezi wa upepo mkali peke yake, utajidanganya mwenyewe. Tena mwaka mmoja waweza kupita mingine kwa upepo. Kwa hiyo vipimo hulinganishwa na kumbukumbu za hali ya hewa za miaka mingi.

Mwenye pupa atasema, “Ngoja ngoja huumiza matumbo.” Mjibu, “Haraka haraka haina baraka.” Kungoja mwaka mmoja ni nafuu kuliko kulipa deni miaka mingi kwa umeme usiotosha.

Maswali ya darasani:

1. Kwa nini haitoshi kupima mwezi mmoja?
2. Zidisha 5 × 5 × 5, kisha 10 × 10 × 10. Jibu la pili ni mara ngapi ya la kwanza?
3. Kwa nini boya hujaribiwa kwanza?