Dola 200 za Udi: Tola Nzima, Kichupa Kimoja au Sampuli Kumi?

Mpenzi wa udi akiwa na dola 200 za kutumia, mbele yake pana njia nne. Anaweza kununua tola nzima (gramu 11.66) ya mafuta yaliyochanganywa sokoni, na chenji ikabaki. Anaweza kuingia katika duka kubwa la manukato la Ghuba akatoka na robo tola ya mafuta yenye jina. Anaweza kuagiza kichupa kimoja cha gramu tatu kutoka kwa mkenekaji mdogo anayejua mti wake ulikatwa wapi na ukapikwa vipi. Au anaweza kuzigawa fedha zake kwenye sampuli kumi, kila moja matone machache tu. Kwa anayeanza kukusanya mafuta ya udi, njia ya nne ndiyo yenye faida kubwa, ingawa kwa gramu ndiyo ghali. Hesabu zake nimeziweka hapa chini.

Kwanza tuelewane juu ya bidhaa yenyewe. Aliyelelewa Unguja, Mombasa au Lamu ameijua harufu ya udi tangu utotoni: chetezo kinachofukizia kanzu za Idi, hal-udi kwenye nguo za bibi harusi. Lakini sehemu kubwa ya tunachofukiza majumbani ni udi wa kupika, yaani vipande na vumbi la mbao vilivyopikwa kwa sukari na manukato mengine. Ni kazi ya ustadi na ina heshima yake. Mafuta ninayoyazungumzia ni kitu kingine. Yametoka kwenye mbao tupu zilizokenekwa, hayakuongezwa kitu, na mara ya kwanza huenda yakamshangaza hata aliyezaliwa ndani ya moshi wa udi. Ndiyo maana ni vyema kunusa kabla ya kununua.

Unalipia nini hasa

Mti wa Aquilaria ukiwa mzima hauna harufu ya maana. Mbao zake ni nyeupe, laini na nyepesi. Ukijeruhiwa na wadudu, upepo au panga, na kuvu wakaingia kwenye kidonda, mti hujikinga kwa utomvu mzito unaozigeuza mbao kuwa za kahawia hadi nyeusi. Sehemu hiyo ndiyo udi. Miti mingi haiupati ugonjwa huo yenyewe, na inayoupata huchukua miaka mingi kutengeneza utomvu wa kutosha. Mafuta yanayopatikana ni machache mno ukilinganisha na uzito wa mbao zinazoingia mtamboni.

Bei inabebwa na mambo matatu. La kwanza ni umri na chanzo cha mti. Siku hizi udi mwingi unatoka mashambani huko Thailand, Laos, Vietnam, Assam ya India na Bangladesh, ambako mara nyingi miti hutobolewa au kutiwa kuvu kwa makusudi, kisha hukatwa ikiwa bado michanga. Udi wa msituni, wa mti mkongwe, umekuwa adimu. Aquilaria malaccensis imo katika orodha ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1995, miti yote ya jamii ya Aquilaria na ndugu yake Gyrinops iliingizwa baada ya mkutano wa 2004, na mwaka 2018 malaccensis ilitajwa na shirika la uhifadhi la IUCN kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

La pili ni ubora wa mbao zenyewe. Kuna anayekeneka mbao nyeupe zenye mistari michache ya utomvu, na kuna anayethubutu kutia mtamboni vipande ambavyo vingeuzwa ghali kwa kufukizwa. La tatu ni upishi, yaani ukenekaji wenyewe. Kule Assam na Sylhet mbao husagwa na kulowekwa majini kwa siku nyingi, pengine wiki kadhaa, zikachacha kabla ya kuwekwa motoni, na huko ndiko inakotoka ile harufu kali ya zizi ambayo watu wa Ghuba wanaipenda katika udi wa Kihindi. Mwingine haloweki kabisa, akapata mafuta safi na mepesi. Maji yanayotumika, chuma au shaba ya mtambo na siku za moto, vyote vinabaki kwenye tone.

Hesabu ya kila kujipaka

Bei ya kichupa inadanganya. Kipimo cha haki ni gharama ya kujipaka mara moja. Kwa kijiti cha kioo, mguso wa kawaida wa mafuta mazito unachukua takriban gramu 0.02. Kwa hiyo gramu moja ni kama mara 50, na gramu tatu ni mara 150. Tola ni gramu 11.66, kama mara 580. Bei zifuatazo ni mifano ya kupigia hesabu, si orodha ya duka fulani.

• Tola ya mchanganyiko sokoni kwa dola 60: senti 10 kila mara. Hata ukijipaka maradufu kwa kuwa ni mepesi, ni senti 20.

• Robo tola ya mchanganyiko wa nyumba kubwa ya Ghuba kwa dola 90: takriban senti 62.

• Gramu tatu za mafuta halisi ya shambani kutoka kwa mkenekaji mdogo kwa dola 120: senti 80.

• Gramu tatu za mafuta ya mti mkongwe wa msituni kwa dola 450: dola 3.

• Manukato ya kupuliza ya mililita 50 yaliyoandikwa udi, kwa dola 150: chupa ina mipulizo kama 500, ukipuliza mara nne kila ukitoka ni safari 125, yaani dola 1.20.

Mstari wa mwisho ndio wa kuukazia macho. Mtu anaona dola 120 kwa gramu tatu ni wazimu, kisha analipa zaidi kwa kila kujipuliza manukato ambayo mara nyingi udi wake umetengenezwa maabara. Mafuta halisi ya shambani si anasa ya mbali. Ni ghali mkononi, nafuu mwilini.

Sasa sampuli. Mafuta yale ya dola 120 yanauzwa dola 40 kwa gramu. Sampuli ya gramu 0.2 ingepaswa kuwa dola 8, lakini tuseme muuzaji anataka 12 kwa ajili ya kichupa na usumbufu. Unajipaka mara kumi, kwa dola 1.20 kila mara. Umeongezewa nusu ya bei. Lakini mafuta yakikukataa umepoteza dola 12, si 120. Mafuta ya msituni yana tofauti kubwa zaidi: sampuli ya gramu 0.1 kwa dola 20 inakupa mara tano za kuamua kama utoe 450.

Kwa dola 200 unapata sampuli sita za shambani kwa 72 na nne za msituni kwa 80. Jumla ni 152, zinabaki 48 za posta na akiba. Umenusa nchi sita au saba. Hakuna kichupa kimoja kinachoweza kukupa elimu hiyo.

Namna ya kunusa usidanganyike

Sampuli inayonuswa vibaya ni fedha iliyotupwa. Anza asubuhi, ngozi ikiwa safi na bila sabuni yenye manukato. Chovya kijiti, gusa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, usisugue. Mkono mmoja mafuta mamoja. Usizidishe mawili kwa siku. Kisha subiri.

Chukua udi wa Kihindi uliolowekwa. Dakika za kwanza unakutana na zizi, ngozi mbichi, pengine jibini iliyokomaa. Wengi hukimbilia maji hapo hapo. Wakivumilia nusu saa, harufu ya mnyama hurudi nyuma na ngozi iliyotengenezwa vizuri ikasonga mbele, na chini yake viungo vikavu. Baada ya saa tatu au nne inabaki harufu tamu ya mbao, yenye uzito, iliyoshikamana na ngozi. Mafuta mazuri yanaendelea kubadilika hadi jioni, na kesho yake bado utayasikia kwenye mkono wa kanzu. Mafuta yaliyochanganywa vibaya yanapiga kelele mwanzoni, yakasimama palepale, kisha yakakatika kwa mara moja. Kukatika huko ni dalili bora kuliko majaribio mengi ya sokoni ya karatasi na moto.

Andika unachosikia dakika ya tano, ya thelathini, saa ya pili, ya sita na asubuhi yake. Rudia mafuta yaleyale siku nyingine kabla ya kuhukumu, kwa sababu joto, jasho na hata chakula vinabadilisha mambo.

Katika sampuli zako kumi, hakikisha kuna tofauti za kweli. Udi wa Kikambodia, ambao leo mwingi unapikwa Thailand, huelekea kwenye matunda yaliyokaushwa na asali, na ndio mlango mwepesi kwa mgeni. Wa Borneo una utamu mwepesi na ubaridi unaokaribia kafuri. Wa Papua una ukijani, udongo na uchungu kidogo. Wa Vietnam una utamu wenye viungo na kitu kama ua. Wa Kihindi nimeshauelezea. Hizi ni tabia za jumla tu, kwani mkenekaji mmoja anaweza kuipindua sifa ya nchi nzima kwa namna anavyoloweka mbao.

Duka kubwa, soko au mkenekaji

Nyumba kubwa zina sifa zake. Ajmal ilianzishwa 1951 na Haji Ajmal Ali, mtu wa Hojai katika Assam, mji wenyewe wa udi. Arabian Oud ilianza Riyadh 1982. Faida yao ni kwamba unanusa bila malipo, unahudumiwa na mtu unayemwona, na mchanganyiko ulioupenda leo utaukuta mwakani. Hasara ni kwamba hutaambiwa mti, mwaka wala mtambo, na kilichoandikwa udi mara nyingi kimechanganywa na sandali, waridi, miski au malighafi ya maabara.

Sokoni, iwe Muttrah ya Muscat, Deira ya Dubai au Darajani ya Unguja, kuna wauzaji waaminifu na kuna vichupa vilivyoongezwa mafuta yasiyo na harufu ili tola ijae. Tola ya udi halisi mzuri kwa dola 60 ni vigumu sana kuipata. Inunue ukijua ni mchanganyiko, uitumie kwa nguo, na utapata thamani ya fedha yako.

Mkenekaji mdogo mpime kwa maswali. Mti ni wa jamii gani na wa wapi? Ni wa shambani au wa msituni, na una karatasi gani? Mbao zililowekwa siku ngapi? Yalikenekwa mwaka gani? Anauza sampuli ya mkupuo uleule anaouza kwenye kichupa? Asiyetaka kuuza sampuli, huku anadai mafuta yake hayana mfano, muache. Kumbuka pia kwamba mkupuo ukiisha haurudi, kwa hiyo ukishapenda usikawie mno.

Kuna njia ya tano kwa wenye subira: wanne mnachanga kununua gramu tatu za dola 450 na kila mmoja anapata gramu 0.75 kwa dola 112.50. Mnahitaji sindano safi, vichupa vya kioo cha giza na mizani inayopima hadi sehemu ya mia ya gramu.

Msafiri azingatie sheria. Taratibu za CITES zinamruhusu mtu kubeba kwenye mizigo yake, kwa matumizi binafsi, hadi mililita 24 za mafuta, takriban tola mbili, na kilo moja ya vipande, bila kibali. Ruhusa hiyo haihusu kifurushi cha posta, na baadhi ya nchi zina masharti makali zaidi, kwa hiyo ulizia forodha kabla ya kusafiri.

Uamuzi wangu

Mwenye dola 50: sampuli tatu au nne za shambani, ya Kikambodia, ya Borneo na ya Kihindi zikiwemo. Usinunue tola.

Mwenye dola 200: sampuli kumi kama nilivyozipanga, na usinunue kichupa mpaka sampuli moja iishe yenyewe bila wewe kujilazimisha kuimaliza. Hiyo ndiyo kura ya kweli ya pua yako.

Mwenye dola 500: sampuli kwanza, kisha kichupa kimoja cha shambani cha kila siku, na sehemu ya mchango kwenye mafuta ya msituni ya sikukuu. Vitatu hivyo vinatosha kwa miaka, maana mafuta yakihifadhiwa mbali na jua na joto, kifuniko kimekazwa, hayaharibiki upesi. Kadiri yanavyokaa, makali ya zizi hupungua na utamu huongezeka.

Na kwa bajeti yoyote ile, chagua udi wa shambani uliopikwa vizuri kabla ya ule wa msituni usio na karatasi. Una harufu nzuri ya kutosha, unamlipa mkulima aliyepanda, na unauachia msitu miti michache iliyobaki.